Familia ya Bwana Godefroid

Nilikuwa nimeketi mstari wa pili, kwenye kiti cha plastiki cha kukodi, viatu vyangu vyeusi vimeshapauka kwa vumbi la Nakivale, makazi ya wakimbizi nchini Uganda, wakati mwenyekiti wa kamati ya mazishi aliposimama kusoma maisha ya marehemu. Alikuwa na karatasi moja ya ofisi, aliyoijaza kutoka kwenye faili la marehemu, iliyokunjwa mara nne. Alisoma kwamba Mwalimu Anselme alizaliwa Fizi, Kivu ya Kusini, kwamba alifundisha shule za msingi tangu ujana wake, kwamba alikimbia na mke na watoto, kwamba alikuwa Mkristo mwema na mpenda watu. Kisha, kwa sauti ile ile ya mtu anayesoma orodha ya mahitaji ya jikoni, akasoma kwamba aliwahi kupatikana na kosa la kuandikisha familia hewa, lakini ofisi ikamsamehe. Akageuza karatasi, akaendelea na idadi ya wajukuu. Kwa msomaji ambaye hajawahi kuishi kambini, familia hewa ni majina ya watu wasiokuwepo, yanayoandikwa ili mtu apewe chakula cha midomo isiyokuwepo. Ni wizi, na katika makazi ya wakimbizi hakuna wizi unaochukiwa zaidi ya huo. Waliohudhuria walitikisa vichwa kwa huruma, kama vile wamesikia kwamba marehemu alikuwa na kisukari.

Ofisi ikamsamehe. Nilikuwa nimesafiri siku mbili kutoka Rumonge, Burundi, nikakatiza Tanzania, nikavuka mpaka Kikagate nikiwa na suti yangu ndani ya mfuko wa nailoni, ili nije kusikia neno hilo. Mimi si mtu wa kukaa kimya. Mimi ni mpimaji ardhi mwenye diploma, niliyerudi nchini kwangu na vyombo vya kazi mgongoni wakati wenzangu walirudi na magodoro, na leo katika tarafa yangu hakuna mgogoro wa mpaka unaokwisha bila mtu kusema, ngojeni kwanza Melkiori aje. Wakuu hunipisha kiti. Lakini pale msibani nilikaa kimya kwa muda wa kutosha kuhesabu wajukuu kumi na wanne, kwa sababu mwaka uliotajwa kwenye karatasi ile ulikuwa mwaka wangu mimi. Yaliyotokea nayajua kuliko mwenyekiti, kuliko ofisi, na kuliko hata marehemu mwenyewe alivyokubali kuyasema.

Habari za wazazi wangu na jinsi tulivyotoka Burundi hazina kazi katika sura hii. Nilikuwa na miaka kumi na tisa, nimemaliza sekondari kwa kuokota okota, na nilikuwa na kitu kimoja ambacho mtaa mzima haukuwa nacho: mwandiko. Nasema hivi bila haya, kwani hata vyeti vyangu vinasema. Herufi zangu zilisimama kama askari, na mkia wa herufi ya mwisho niliupinda kidogo, kama mapadri wa zamani. Ndiyo maana Mwalimu Anselme alinichukua. Alikuwa akifundisha asubuhi katika shule ya mtaa, na mchana nyumba yake iligeuka ofisi: watu waliokuja kujaziwa fomu za kuandikisha familia zao walipanga foleni kutoka mlangoni hadi kwenye shamba la mihogo. Yeye aliwasikiliza, mimi niliandika, na Ijumaa nilifunga fomu zote kwa kamba ya mkonge nikazipeleka kwenye mahema ya uhakiki. Malipo yangu yalikuwa chakula na masomo. Naikumbuka meza ile kuliko meza yoyote niliyokalia baadaye. Ilikuwa mlango wa zamani uliolazwa juu ya matofali, na mahali pa komeo palikuwa na tundu tulilowekea kalamu. Juu yetu turubai lilipumua kila upepo ulipopita. Mama Noela, mke wa Mwalimu, alipika nyuma ya ukuta mfupi, na harufu ya sombe, yaani kisamvu, ikatufikia kabla ya sombe yenyewe kwa saa mbili nzima.

Juu ya meza ile kilikaa kitabu. Kilikuwa cha Kifaransa, hakina jalada, kurasa zake za mwisho zimechanika, na kilieleza maisha ya Bwana Godefroid wa Montserein, kaunti, yaani mwenye ngome, mashamba na watu wa kuyalima, aliyeishi Ulaya miaka zaidi ya mia nane iliyopita. Mwalimu alikirithi kwa mapadri wa shule yake ya Fizi. Siku waliyokimbia alikipakia kwenye kapu, na Mama Noela hakuwahi kumsamehe. Nilimsikia mara nyingi akiwaambia majirani nyuma ya ukuta: "Alibeba Muzungu mwenye alishakufa, akaacha sufuria yangu ya mukubwa ku moto." Majirani walicheka, naye Mwalimu alikohoa kuonyesha kwamba anasikia.

Sijui kama kuna mtu mwingine aliyewahi kufundisha historia kwa njia ile. Sisi wanafunzi wake wa mchana, vijana watano au sita, tulichanganya kabisa ukoo wa Godefroid: nani mke, nani mtoto, nani nduguye. Siku moja Mwalimu akatupa chaki. Akasema ukoo ni kitu rahisi, kila mmoja wetu ameshapanga foleni akaandikishwa ukoo wake, basi na huyu tumwandikishe. Mkuu wa familia ni nani? Godefroid. Mke? Adelaide. Watoto? Baudouin, Mathilde, Thierry. Wengine wanaoishi naye? Mdogo wake, Renaud. Somo likawaka moto. Tuligombana kama makarani. Thierry alipelekwa na miaka tisa kwenye ngome ya bwana mwingine kujifunza farasi na upanga, kwa hiyo mmoja wetu akadai aandikwe kama mtoto asiye na mzazi. Mathilde alichumbiwa akiwa na miaka saba ili baba yake apate bonde la jirani. Msichana mmoja kutoka Bujumbura akasema huyo apelekwe moja kwa moja kwenye dirisha la ulinzi wa watoto, na hao wazee wahojiwe. Kila kitu alikuwa anapewa Baudouin kwa kuwa alizaliwa wa kwanza, na hapo vijana waliozaliwa wa tatu na wa nne walikasirika kweli, si kwa mchezo. Hata sasa naweza kutaja ukoo ule bila kukosea. Majina ya babu zangu mwenyewe naishia kwa wa tatu.

Lakini tulichokisubiri kila siku ni habari za Godefroid mwenyewe. Alikwenda vitani mashariki, akatekwa, akakaa kifungoni miaka kumi na mmoja. Aliporudi kwa miguu, amekonda, ndevu zimefika kifuani, alikuta Renaud ametangaza kwamba kaka yake alikufa. Renaud amekalia kiti, mke amefungiwa kwenye nyumba ya watawa, mashamba yamegawiwa watu wengine. Walinzi wa lango hawakumjua. Renaud akaagiza toka juu ya ukuta kwamba mtu huyo alete mashahidi. Akatoka mpishi mzee wa kike, macho mekundu kwa moshi, akasimama mbele yake akamtazama. Na hapo kitabu kinakwisha. Kurasa hazipo. Tulimbana Mwalimu atuambie, mpishi alimtambua au hakumtambua? Mimi nilimuuliza kuliko wote, kwa sababu hata wakati ule nilijua kwamba baba mdogo wangu analima shamba letu kule nyumbani. Mwalimu alinijibu neno moja siku zote. "Ukurasa haiko, mutoto yangu. Siwezi kukutungia." Nataka msomaji alishike jambo hili kabla sijaendelea. Mtu aliyekataa kumtungia mwisho Mzungu aliyekufa karne nane zilizopita, mwisho ambao ungewafurahisha watoto na usingemdhuru mtu yeyote chini ya jua, ndiye waliyesema ametunga watu sita ili ale unga.

Sasa niseme nilichofanya. Mwalimu alitaka ukoo ule uandikwe vizuri ubandikwe ukutani, akanituma mimi. Nilikuwa na daftari, ningeweza kuandika daftarini. Lakini fomu tupu zilikuwa pale pale mezani, karatasi nyeupe, ngumu, yenye mistari iliyonyooka, na mwandiko wangu ulistahili karatasi kama ile. Nikachukua fomu moja. Nikajaza: Godefroid Montserein, mkuu wa familia, Adelaide, mke, watoto watatu, Renaud, tegemezi. Umri niliuweka kama ulivyokuwa kitabuni. Penye sababu ya kuondoka nyumbani niliandika: vita. Penye mali iliyoachwa: ngome, mashamba, kinu cha maji. Nilikuwa najifurahisha. Chini kabisa palikuwa na mstari wa jina la aliyejaza, nikauacha wazi, kwa sababu ilikuwa mchezo. Ijumaa nikafunga fomu zote kwa kamba ya mkonge, na ile nayo ikiwamo, nikazipeleka.

Kwingine kote duniani karani angeisoma akacheka. Hapa nani angecheka? Wakongomani na sisi Warundi tunabatizwa majina hayo hayo. Mtaani kwetu Baudouin alikuwa muuza chapati, Mathilde aliongoza kwaya, kina Thierry walikuwa wanne. Godefroid na Adelaide wangeweza kuwa majirani wa mtu yeyote, na kuhusu kinu, wakimbizi wengi huandika kwamba waliacha vinu. Siku ya kugawa kadi mpya za chakula tulisikia kipaza sauti kikiita, "Godefroid Montserein, watu sita." Mzee mmoja Mbembe aitwaye Godefroid akainuka, akatazama kushoto na kulia, akarudi kukaa. Wenzangu wa darasa walianguka kwa kicheko. Mimi sikucheka. Nilikuwa nimeshaelewa. Waliita siku tatu. Siku ya nne jina likabandikwa ubaoni chini ya maneno makubwa, familia hewa, na siku ya tano walifuatilia kamba ya mkonge hadi nyumbani kwa Mwalimu.

Karani aliyekuja alikuwa kijana aliyevaa koti la mvua wakati wa kiangazi. Alikaa kwenye kiti cha Mwalimu bila kukaribishwa. Akasema, kwa Kiswahili kile cha polisi na sokoni, kwamba watu ya Congo iko na akili mingi sana ya kula. Mwalimu alieleza kwa adabu kwamba Godefroid ni mtu wa zamani, wa Ulaya, wa kitabuni, akamwonyesha kitabu. Karani alikigeuza geuza, hakijui Kifaransa, akauliza kitabu kisicho na jina wala mwisho kinathibitisha nini. Kisha akaiweka fomu mezani na kugonga kidole kwenye ule mstari mtupu. "Nani alijaza hii?"

Mwalimu alikuwa ameutambua mwandiko wangu tangu fomu ilipotoka kwenye bahasha, niliona. Na alijua jambo jingine. Mwaka ule kulikuwa na nafasi moja, nafasi moja tu kwa vijana wa mtaa wetu, ya kusomea diploma ya upimaji mjini Mbarara, na majina yalipita katika mikono ya ofisi ile ile. Jina lililoguswa na udanganyifu lilikatwa. Nilifungua mdomo. Mwalimu hakunitazama. Akasema, "Ni mimi." Karani alipoondoka nilianza kulia na kusema nitakwenda kujieleza, naye akanishika mkono kwa nguvu ambayo sikujua anayo. "Nyamaza. Mi nilishasoma. We bado."

Kadi ya nyumba yake ikazuiliwa. Shuleni wakamwambia apumzike kwanza, na baada ya wiki mbili darasa lake likapewa mtu mwingine. Njia ya kutoka ilikuwa moja, akiri kwa maandishi kwamba alitunga watu wale, asamehewe. Hakukubali. Akasema hakuwatunga, waliishi. Kwa miezi mitano watu wanane walikula kwa hisani ya majirani, na hisani hiyo ilikuja na maneno. Mama Noela aliuza vitenge vyake kimoja kimoja. Watoto wake waliitwa wajukuu wa Godefroid. Wale wale waliojaziwa fomu bure kwenye mlango ule walipita njia ya mbali. Mimi nilikula nyumbani kwetu mwaka ule, sikustahili tena sombe ile, ingawa Mama Noela aliendelea kuniita.

Katika mwezi wa tano wa adha hiyo Mwalimu aliamua kwenda Mbarara kutafuta ushahidi kwamba Godefroid aliishi na akafa. Nilimfuata. Tulifikia mtaa wa Nyamityobora, kwa Mama Goreti, Mrundi mwenzangu, fundi cherehani, aliyekuwa na chumba kimoja kilichogawanywa na pazia la maua: mbele cherehani na wateja, nyuma kitanda, jiko na sisi. Alitupikia matoke na mchuzi wa karanga, akatupa maziwa ya Mbarara katika vikombe vya bati, na tukiwa nyuma ya pazia tuliwasikia wateja wake wakisema kwamba wakimbizi wanajiandikisha mara mbili mbili, kwamba kuna mwalimu mmoja huko Nakivale aliandikisha mpaka Wazungu. Mama Goreti alikanyaga cherehani kwa nguvu zaidi ili tusisikie. Mwalimu aliendelea kula taratibu. Nilitamani kulirarua pazia lile. Akanong'ona tu kwamba matoke yakipoa hayaliki.

Kwa siku tatu tuliulizia kitabu. Mwishowe katika nyumba moja ya mapadri tulimpata padri mzee, Mnyankore aliyesomea Ufaransa ujanani, mwenye rafu ya kamusi kubwa za historia, ndefu kama ukuta. Alivuta juzuu moja, akapuliza vumbi, akatembeza kidole. Jina lilikuwepo. Padri akatutafsiria, ilikuwa mistari mitatu tu: Godefroid, kaunti wa Montserein, alikwenda vitani mashariki, akafia huko. Nduguye Renaud alimrithi.

Mwalimu aliomba isomwe tena. Ikasomwa. "Padri, kitabu yangu inasema alirudi," alisema. "Alisimama ku mulango."

"Inawezekana, Mwalimu," padri akajibu kwa upole. "Lakini hii yangu ndiyo kubwa."

Mwalimu aliitazama ile rafu. Kisha akasema, kama mtu anayejisemea, "Basi baliandika maneno ya Renaud." Padri akaandika barua yenye muhuri, ikieleza kwamba mtajwa ni mtu wa historia aliyefariki ugenini karne nyingi zilizopita. Na Mwalimu wangu, ambaye kwa miaka yote alikataa hata kubuni kwamba mpishi alimtambua Godefroid, ilimbidi aibebe barua hiyo mfukoni, barua iliyomuua Godefroid kule ambako hakufia, kwa kuwa bila hiyo yeye mwenyewe asingesafishwa. Nimepima mashamba mengi yaliyoporwa. Nimewaona wenzangu waliorudi wakisimama kwenye uzio wa baba zao wakiambiwa walete mashahidi. Kila mara namkumbuka Mwalimu akishuka ngazi za nyumba ile, mkono juu ya mfuko.

Karani aliisoma barua, akacheka mpaka akafuta macho. Akasema kumbe huyu mzee iko alikufa zamani, basi afutwe, mambo kwisha. Kadi ikarudishwa. Darasa halikurudishwa. Hakuna aliyesimama kwenye kipaza sauti kile kile kusema tulikosea. Karatasi ya ubaoni haikubanduliwa, iliachwa mpaka mvua za masika zikaila, na kwenye faili, kama nilivyokuja kusikia msibani, waliandika kwamba alisamehewa. Wiki iliyofuata jina langu likatoka. Nikaenda Mbarara, nikasoma, nikashika nafasi ya pili katika darasa letu, na aliyenishinda alikuwa na kikokotoo, mimi nilikuwa na kichwa. Tangu hapo nimezoea kusema kwamba nimejitengeneza mwenyewe. Ni kweli, ukiutoa mwaka huo. Mwalimu nilimwandikia kila Krismasi, na kila Krismasi nilianza kuandika sentensi moja, nikaifuta.

Wajukuu kumi na wanne walipokwisha kusomwa, nilisimama. Mwenyekiti akaniambia, ndugu mugeni, programu inaendelea, salamu za wageni ni mwishoni. Nikasema sina salamu, nataka karatasi hiyo. Watu wakageuka. Akaikunja kuirudisha mfukoni, na hapo Mama Noela, aliyekuwa ameketi chini kwenye mkeka karibu na jeneza, amezeeka, amekuwa mdogo kama mtoto, akasema bila kuinua kichwa, "Mupatie."

Nilisema mbele yao wote kwamba fomu ile niliijaza mimi, kwenye meza yake, kwa majivuno ya mwandiko wangu, na kwamba yeye hakuandika hata herufi moja. Nikasema ofisi haikumsamehe kitu, kwa sababu hapakuwa na kitu cha kumsamehe. Kwamba wao waliokaa hapa walimkwepa njiani miezi mitano. Na kwamba diploma ninayojivunia ililipiwa kwa kadi yake na darasa lake. Mzee mmoja nyuma akauliza, na haki ilikuwa yake kuuliza, kwa nini nimengoja mpaka mtu awe ndani ya sanduku. Nikampa jibu la kweli. Nilisema niliogopa, na baadaye nilipoacha kuogopa nilikuwa nimezoea kusifiwa.

Kisha nikapiga magoti kando ya mkeka nimwombe radhi Mama Noela. Akanikatiza. "Nilijuaka tangu siku ile," alisema. "Ule mwandiko ulikuwa muzuri kupita wa mume wangu."

Niliiweka karatasi juu ya goti langu. Mstari wa familia hewa niliukata kwa kalamu, mara moja, umenyooka, na juu yake nikaandika jinsi ilivyokuwa. Mwenyekiti akalalamika kwamba karatasi hiyo inarudi kwenye faili la ofisi, haipaswi kuchafuliwa. Nikamwambia ndiyo maana naiandika. Chini kabisa kulikuwa na mstari wa jina la aliyejaza, na mwenyekiti naye alikuwa ameuacha wazi. Nikaandika jina langu lote, la ubatizo na la nyumbani, nikaupinda mkia wa herufi ya mwisho. Mama Noela alinyoosha shingo akautazama, kisha akanirudishia kifuniko cha kalamu kilichokuwa kimeangukia kwenye mkeka wake.